Nchi Isiyo na Ukuta wa Pili

Gelephu
Mwezi wa kumi na moja, tarehe nne, mwaka wa Sungura

Mama Tshokey,

Nimefika. Magoti nayo yamefika, ingawa kila moja lilikuja kwa wakati wake. Basi lilizunguka milima kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala, nami nikawa natapika dirishani kwa adabu zote, nikiwaomba radhi abiria wa viti vya nyuma. Halafu kona moja ikaisha, na nyingine haikuja.

Sijui nikuelezeje. Huko kwetu Ura ukiinua macho unaona mlima, ukigeuka unaona mwingine, na mbingu tunapewa kipande kilichobaki katikati. Hapa milima yote imeishia nyuma ya mgongo wangu, imesimama kama ng'ombe waliogoma kuvuka maji. Mbele hakuna kitu. Na hicho kitu kisichokuwepo, Mama Tshokey, ni kikubwa mno. Nilisimama pale stendi na begi langu nikitafuta ukuta wa pili wa bonde. Mkwe wako Hemlal alikuja kunipokea, nikamwuliza, "Upande wa pili uko wapi?" Akatazama kusini, akawaza kidogo, maana ni mtu asiyependa kudanganya wakwe. Akasema, "Baba, nadhani upande wa pili ni bahari."

Barabara ya mji ni pana hata ng'ombe wanalala katikati yake na lori linapita bila kuwaamsha. Nyumba zimeachana, kila moja na uwanja wake, na anayetaka kumsalimia jirani inabidi ajiandae kwa safari. Jana nilianguka. Usicheke. Nilianguka mahali tambarare kabisa. Mguu wangu umezoea kwamba kila hatua ni kupanda au kushuka. Ulinyanyuka kutafuta jiwe, na jiwe halikuwepo. Wanawake wanaouza tambuu wakaniinua. Mmoja akasema, "Huyu mzee katoka juu." Mwenzake hata hakugeuka. "Wote huanguka wiki ya kwanza. Mpake mafuta."

Jua je? Kwetu jua ni kama mkubwa wa wilaya: linakuja watu wamechoka kulisubiri. Hapa linatoka ardhini, Mama Tshokey, kule mwisho wa mashamba, jekundu, na ukungu umelishika hivyo unaweza kulitazama usoni. Asubuhi ya leo nilipanda juu ya dari, kwenye paa tambarare la nyumba ya Tshokey nikaliona likijivuta kutoka kwenye udongo. Nilivua kofia, nikainama. Hemlal akadhani nimeangusha kitu, akaanza kunisaidia kutafuta.

Binti yako ni mzima. Ana ule mgahawa wake karibu na gulio, na watu wote wa milimani wanaoshuka na magoti mabovu kwenda kwenye chemchemi ya maji moto wanapitia kwake. Amenenepa kidogo, na kumempendeza, usinitume nimwambie.

Lile ulilonituma bado sijalisema. Mtu hamwingii binti yake mlangoni na kumwambia fungasha twende. Ngoja kwanza niwe mgeni.

Mumeo,
Nidup


Ura
Mwezi wa kumi na moja, tarehe kumi na mbili

Baba Tshokey,

Anayeandika ni jirani yetu Lopen Tandin, mtawa mwenye mke na watoto na hamu ya chai ya watu. Mwandishi wangu ulikuwa wewe, nawe umekwenda kulivulia jua kofia. Nimemwambia aandike ninachosema, asipambe.

(Mimi Tandin nasema: sipambi.)

Sikukutuma kutazama jua. Jua tunalo, hata kama linachelewa. Nilikutuma neno moja tu, kwamba Tshokey arudi. Au nikukumbushe nyumba hii inavyokwenda? Mama yangu alinipa mimi, na mama yake alimpa yeye. Nyinyi wanaume mnakuja na blanketi begani mnakaribishwa. Sina binti mwingine. Ibada ya nyumba ni mwezi ujao, tarehe ishirini na tano, na mwaka huu nataka nikae pembeni, Tshokey akae mahali pangu pale jikoni na amimine kikombe cha kwanza cha pombe ya miungu ya nyumba. Akishamimina, nyumba ni yake, nami nitalala usingizi. Asipomimina yeye, watu watamgeukia Yuden, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Yuden ni msichana mwema. Lakini sikumzaa mimi.

Hemlal naye aje. Hatukosi trekta bovu la kumpa atengeneze.

Theluji imefika dirisha la chini. Mimi sijambo. Uliza leo.

Kezang Lhaden

(Tandin naongeza kwa hiari yangu: amenifanya nimsomee tena ile sehemu ya jua. Anasema anatafuta makosa.)


Gelephu
Mwezi wa kumi na moja, tarehe kumi na tisa

Mama Tshokey,

Nimeuliza. Amesema hapana.

Ilikuwa jikoni, anakaanga pilipili, nami napiga chafya. Nikamwambia, "Mama yako anataka urudi uchukue nyumba." Akasema, "Hapana, Baba. Kula, kinapoa." Nikala. Nilihuzunika, usidhani sikuhuzunika, lakini jibini la huku ni laini, na mtu hawezi kuhuzunika vizuri mdomo ukiwa umejaa.

Sasa ngoja nikuambie habari ya tembo.

Alfajiri ya juzi, ukungu ulikuwa mzito, nami nilikuwa barabarani na kikombe changu cha chai, nikijifunza kutembea. Mara baiskeli zote zikasimama. Mama mmoja wa tambuu akashusha kapu lake chini polepole, akaunganisha viganja. Hemlal akanishika mkono. "Baba, usikohoe," akanong'ona, na hapo hapo, kama unavyonijua, kikohozi kikanijia.

Wakatoka kwenye ukungu. Mkubwa mbele, jike, mkubwa kama ghala letu la nafaka, halafu wengine nyuma yake. Ulidhani wanyama wa namna ile wangetikisa ardhi? Walipita kimya kama watu waliovua viatu mlangoni. Yule jike alifika katikati ya barabara akasimama. Akatusubirisha sote, mji mzima, mlinzi wa mpaka na bunduki yake, lori la mizigo na dereva wake, kwa sababu mtoto wake alikuwa nyuma, amevutiwa na ganda la ndizi. Hakuna aliyepiga honi. Mtoto alipomaliza ganda lake akaja mbio, na wote wakashuka kwenye mto wenye mawe, ule mto mpana ambao wakati huu wa mwaka una mawe mengi kuliko maji, wakaelekea India bila mtu kuwauliza hati. Mlinzi alinyanyua mkono kichwani. Hemlal anasema alikuwa anajikuna. Mimi nitaapa mbele ya lama wa hekalu letu kwamba alipiga saluti.

Nimeishi miaka hii yote nikidhani nimeshaona vikubwa, kwa kuwa naishi chini ya milima. Mlima umekaa tu. Kile kilikuwa kikubwa kinachotembea, halafu kinamsubiri mtoto.

Kikombe nilikuta nimekimwagia miguuni.

Nidup


Ura
Mwezi wa kumi na moja, tarehe ishirini na tano

Baba Tshokey,

Mara moja. Umeuliza mara moja.

Hebu niambie, katika bonde hili umekunywa chai nyumba ngapi? Mwenyeji akikujia na birika, wewe unafanyaje? Unaziba kikombe kwa kiganja, unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma watu wanasikia. Akija tena unaziba. Mara ya tatu ndipo unaondoa mkono. Hata yule mwizi wa kuku wa mwaka juzi, tulipomkaribisha kabla ya kumpeleka kwa mkuu wa kijiji, alikataa mara mbili. Sasa binti niliyemlea mimi aulizwe juu ya nyumba nzima, na ghala, na ng'ombe, na miungu yake, akubali mara ya kwanza kama mtu asiyekula tangu jana? Angekubali ningeona haya. Amekataa kwa adabu, mtoto wa watu, akikungoja. Wewe ukala.

Muulize mara ya pili. Halafu ya tatu, na ya tatu uiulize vizuri, kwa mikono miwili, si kwa chafya. Jibu la tatu ndilo nitakalolisikia. Mengine ni upepo.

Nasikia Hemlal anakufundisha mambo. Usijifunze sana, utashindwa kurudi.

Kezang Lhaden

(Tandin: Kuhusu tembo, je, yule mtoto alishika mkia wa mama yake au alitembea peke yake? Anayeuliza si mimi. Na kuhusu mkono wake wa kulia, nimekatazwa kuandika, kwa hiyo siandiki.)


Gelephu
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe mbili

Mama Tshokey,

Mkono gani?

Nijibu hilo kabla ya mengine. Na mwambie Tandin akikatazwa tena aandike kwa herufi kubwa.

Mtoto wa tembo alitembea peke yake, ila kila mara akigusa mguu wa mama yake kwa mkonga, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Sasa la kwetu. Mara ya pili niliuliza Jumapili nikiwa juu ya baiskeli. Ndiyo, baiskeli. Katika nchi hii kila mtu anapanda, hata bibi wenye kuku mikononi, nikaona haya kuwa mtu pekee anayetembea. Hemlal alishika kiti kwa nyuma, Tshokey akawa anakimbia pembeni akicheka, gulio zima likitutazama, watu waliovuka mpaka na mboga zao na watu wa milimani na jibini lao kavu. Nikaona binti amefurahi, moyo wake uko wazi, nikasema, "Mama yako anauliza tena, utarudi?" Akasema, "Hapana, Baba. Tazama mbele." Nikamtazama yeye. Niliokotwa kwenye mtaro na muuza kabichi, aliyenipangusa akisema, "Babu, breki ipo hapo mkononi, haipo usoni kwa binti."

Ya tatu niliingoja mpaka tulipokwenda kwenye maji moto. Ungeona mahali hapo. Maji yanatoka chini ya mwamba yakiwa yamechemka tayari, bila kuni, bila mtu wa kupuliza, na mvuke unapanda kwenye miti mirefu yenye nyani. Watu wamekaa humo hadi shingoni, vichwa vinaelea kama maboga, kila kichwa kinaeleza ugonjwa wake. Kichwa kimoja kutoka bonde la Haa kiliniuliza, "Wewe unaumwa nini?" Nikasema, "Magoti." Kikasema, "Hayo ni madogo," na kikanihesabia yake. Nimekaa kwenye maji yale nikafikiri, ardhi inapika usiku na mchana kwa ajili ya watu isiowajua. Nikayashukuru maji kwa sauti, na hakuna aliyenicheka, kwa sababu wote walikuwa wameshafanya hivyo siku zao za kwanza.

Nikatoka. Tshokey alikuwa ameketi kwenye jiwe, miguu ndani ya maji. Nikakaa, nikaunganisha mikono miwili kama ulivyosema. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Najua unahesabu."

"Nahesabu nini?"

"Hii ni ya tatu. Ndiyo maana nimekaa vizuri. Uliza."

Nikauliza. Akatazama miguu yake ndani ya maji, nikasema moyoni, haya, anaondoa mkono kwenye kikombe. Akasema, "Hapana."

Halafu akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema, sijapunguza. "Baba, huku mtu anashuka kwenye basi na njaa yake. Akisema sitaki na mimi nikangoja ya tatu, basi lake limeshaondoka. Nimejifunza kusema langu mara ya kwanza. Lile la jikoni lilikuwa ndilo. Nilikuacha ufike ya tatu kwa sababu ya Mama, asije akaona sikumheshimu." Nikamwuliza nyumba ile imemkosea nini. Akasema, "Haijanikosea. Kule nilikuwa na mahali pa kukaa kabla sijazaliwa. Jiko la hapa tumeliweka matofali mimi na Hemlal. Hakuna aliyekaa pale kabla yangu. Nikiliacha, hakuna wa kulikalia."

Nilirudisha miguu majini.

Jambo moja zaidi. Alipokuwa anafunga viatu alisema, "Mwambie Mama aje yeye. Apumzike hapa mpaka baridi iishe. Mwambie nimesema aje." Basi nimekuambia. Njoo.

Nidup


Ura
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe saba

Baba Tshokey,

Nimesikia. Tandin alisoma mara mbili, halafu nikamwambia aende kwao, na leo nimemwita tena.

Mkono ni kitu kidogo. Niliteleza kwenye barafu mlangoni, kifundo kikateguka. Yuden anakamua. Amehamia chumba cha chini na kitanda chake ili asubuhi awahi kuwasha taa ya madhabahu kabla sijainuka. Sikumwomba.

Kuhusu kuja huko, hapana. Nani atakaa na nyumba? Miungu ya nyumba haihami kufuata jua. Na nitavaa nini kwenye joto hilo? Watu watasema Kezang Lhaden amekwenda kumfuata binti aliyekataa nyumba yake.

Nimekwambia hapana.

Kezang Lhaden

(Tandin: Hiyo ni ya kwanza.)


Gelephu
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe tisa

Mama,

Ni mimi Tshokey. Barua yako imeletwa na dereva Rinzin leo asubuhi. Baba ameisoma, ameikunja, amepanda juu ya dari, na hajashuka.

Njoo. Sisemi kwa adabu, nasema kwa sababu nataka uje. Chumba kipo, kina dirisha upande wa mashariki. Nguo nitakushonea nyepesi. Kuna daktari wa kuutazama mkono, na maji ya moto ya kuulaza. Hemlal anajifunza kupika zile chapati za unga mchungu wa kwetu. Zinamshinda, anahitaji mtu wa kumgombeza.

Najua nimekuumiza. Njoo hivyo hivyo ukiwa umeumia.

Tshokey


Ura
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe kumi na mbili

Tshokey,

Hapana. Mwambie baba yako ashuke kwenye dari kabla hajaanguka na huko.

Mama yako

(Tandin: Ya pili. Chai yetu ya siagi leo ilikuwa na chumvi nyingi kuliko desturi, na aliyeitia hakuwa anatazama birika.)


Gelephu
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe kumi na tano

Mama Tshokey,

Hii si barua ya kuuliza. Nakuapia. Soma mpaka mwisho hutakuta swali.

Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Tshokey ananiambia, "Andika, Baba, imebaki moja." Nikamwambia, "Ndiyo maana siandiki." Mara ya kwanza na ya pili mtu akikataa, bado kuna mlango. Ya tatu akikataa, basi imekwisha, hakuna anayebisha tena, si mimi, si yeye. Mimi ni mtu wa maneno mengi, unajua, nimeongea mpaka mbuzi wakaondoka. Lakini hilo moja limenishinda. Hemlal akasema, "Kwa nini usimpigie magoti?" Nikamwambia ndoa yangu ina miaka thelathini, magoti nimeshayamaliza, ndiyo maana nimekuja kwenye maji moto.

Kwa hiyo nakuambia habari za mji tu.

Jana nilikwenda mpaka lango la mpaka. Nilisimama karibu na nguzo, nikatazama huko ng'ambo: mashamba ya mchele yaliyovunwa, njia ya vumbi, mtu mmoja na ng'ombe wawili wakienda. Walikwenda saa nzima, nami nawaona. Hawakupanda, hawakushuka, hawakuingia nyuma ya kitu. Nilirudi nimenyamaza mpaka Tshokey akanipima joto kwa kiganja.

Habari nyingine: lori la Rinzin linakuja huko na machungwa, na tarehe kumi na nane linarudi huku na viazi. Kiti cha mbele kina mto mpya. Rinzin anasema safari hii hatachukua abiria mwingine pale mbele. Anaendesha polepole kwenye kona akiombwa, nami nimemwomba.

Hizo ndizo habari. Hakuna swali.

Nidup


Gelephu
Mwezi wa kumi na mbili, tarehe ishirini na mbili

Yuden, mwanangu,

Ni mimi mama yako mkubwa. Anayeandika ni Tshokey. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa Tandin, na chai anainywa ya kwake. Barua hii anakuletea Rinzin mkononi, na atafika kabla ya ibada. Mwambie Tandin akusomee, yote, hata kama ataona aibu kwa yanayomhusu.

Kwanza, nimefika salama. Kona zote nilifumba macho. Halafu nikahisi lori limeacha kuyumba, nikafumbua, nikamwambia Rinzin, "Simamisha." Akasema, "Shangazi, unaumwa?" Nikashuka na blanketi langu nikasimama kando ya barabara. Sijui nilisimama muda gani. Rinzin alimenya chungwa akala, akamenya lingine. Baba yako mkubwa ameandika kurasa na kurasa kuhusu mahali hapa, nami nilikuwa nasema anapamba. Alikuwa amepunguza, Yuden. Mtu mwenye kinywa kama chake, na bado amepunguza.

Jua pia nimeliona. Tulikaa juu ya dari, mimi na yeye. Alitaka kunieleza, nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akanyamaza. Lilipotoka niliogopa. Nilidhani limekosea njia, limekuja karibu mno. Halafu mashamba yote yakawa ya dhahabu mpaka mwisho wa macho, na kule nyuma yetu milima yetu ikawaka, yote kwa pamoja, hata ile ya juu ambayo tukiwa chini yake hatuioni. Nimeishi humo miaka hamsini na tatu sikujua ina sura gani. Ilinibidi nitoke ili niione.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikamwita Tshokey aketi na kalamu.

Sikuja hapa kuota jua. Wala mkono haukunileta. Nilikuja kuuliza mara ya nne. Andika, Tshokey, usinitazame. Kwetu hakuna mara ya nne. Anayeuliza mara ya nne haulizi tena, anaomba, nami nilikuwa nimejiandaa kuomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga hata kulia.

Nikaingia kwenye nyumba yake. Ilikuwa asubuhi na watu wamejaa, wa kutoka kila bonde, kila mmoja na goti lake. Mama mmoja mzee alikuwa amesimama mlangoni, wa kule juu kabisa kwa wachunga yak, wale ng'ombe wa manyoya marefu, miguu imevimba, hajui lugha ya mtu yeyote mle ndani. Anaogopa kuingia. Tshokey aliacha sufuria, akamshika kiwiko, akawainua wanaume wawili walionona, akamkalisha mahali pao karibu na moto. Wale wanaume walihama bila kunung'unika. Halafu akaniona mimi. Alinikumbatia mpaka mkono ukauma. Nikaangalia nikae wapi, unajua nilivyo, mimi sikai popote bila kujua ni mahali pa nani. Akanionyesha kwa viganja viwili. "Mama, pale." Palikuwa na zulia safi, na meza ndogo mbele yake. Mahali pa mgeni wa heshima.

Nikakaa. Mgeni. Katika nyumba ya binti yangu nimekaa mahali pa mgeni, na yeye amesimama jikoni kama mama yangu alivyosimama, na kama mimi ninavyosimama, mguu mmoja mbele. Nikaona kwamba nilichokuwa nataka kumpa anacho. Maneno yote niliyopanga yakaisha nguvu. Sikuuliza, na sitauliza.

Ameacha kuandika. Tshokey, mwanangu, futa macho, karatasi inalowa. Endelea.

Yuden, tarehe ishirini na tano kaa mahali pangu. Mimina wewe kikombe cha kwanza, na nyumba iwe yako. Najua umelelewa vizuri na utataka kukataa mara mbili. Ibada ni baada ya siku tatu na Rinzin ana lori moja, kwa hiyo hizo mbili nimezikata mimi kwa niaba yako. Hesabu kwamba nimeuliza mara tatu. Umenifunga mkono, umewakamua ng'ombe, umehamisha kitanda chako ili uniwahi kuamka, na muda wote huo mimi nilikuwa dirishani natazama barabara. Nisamehe hilo. Tandin atakuonyesha maneno ya ibada. Usimpe pombe kabla hajamaliza kusoma.

Nitapanda huko theluji ikiyeyuka, na nikija nitabisha hodi.

Jambo la mwisho, halafu nimwachie huyu akapike. Siku Tshokey alipoondoka Ura nilisimama mlangoni kumwangalia. Unaijua njia yetu. Hatua chache, kona ikammeza, hata mkono sikuwahi kuunyanyua. Leo amekwenda gulioni kwa miguu kununua vitunguu. Nilisimama mlangoni vilevile. Alikwenda, akaendelea kwenda, akawa mdogo kama punje ya shayiri kwenye ile barabara, na sikumpoteza. Alipogeuka kule mbali nilimpungia, na akaniona.

Mama yako mkubwa,
Kezang Lhaden